Fundi wenu wa umeme kasema tatizo la gari ni MIMI. Mbele ya mama mkwe!

Kibarua Hana Likizo:

Wakuu, leo sina salamu. Salamu nimeziacha kwa fundi wenu pamoja na elfu themanini yangu.

Simtaji. Mnamjua. Mtu akiuliza humu "fundi umeme mzuri wa magari ya Mjerumani nampata wapi", mnakimbilia wote kujibu: nenda kwa jamaa, yule wa kompyuta mbili na kofia ya sufi jua la saa nane mchana. Huyo huyo. Leo kanivua nguo hadharani.

Nina gari la kufunua paa. Najua mtaanza, haya anzeni. Paa lake ni la bati, linajikunja vipande na kuingia kwenye buti. Siku za karibuni limekuwa na mambo yake. Mara taa za dashibodi zinawaka zote, ukizima na kuwasha hakuna kitu. Mara dirisha la kushoto linajishusha lenyewe usiku wa manane. Mara redio inakata ukikunja kona, ukinyoosha inarudi na tangazo lile lile. Ukilifikisha kwa fundi linatulia tuli, lina adabu kuliko mwenye gari.

Leo nimekwenda kumpokea mama mkwe stendi ya Magufuli pale Mbezi. Katoka Muheza na kiroba chake cha machungwa. Kaliona gari liko wazi, kafurahi, kajifunga ushungi vizuri, tukashuka na Morogoro Road. Kufika Kimara, mvua hiyo. Nikasogea pembeni, nikabonyeza swichi. Buti likafunguka, paa likatoka, likanyanyuka, likasimama wima hewani. Basi. Halishuki, halirudi. Mama mkwe mbele na mkoba kichwani, abiria wa mwendokasi wote wako upande mmoja wa basi na simu zao. Bodaboda mmoja kasimama kutuuliza kama hilo ni tanga na tunavuka kwenda Unguja saa ngapi.

Nikampigia fundi wenu. Kaja na bodaboda, koti la mvua kaivisha kompyuta, yeye mwenyewe kalowa chapa. Hapo nikasema huyu mtu anajali kazi. Kachomeka kwenye soketi ya chini ya usukani, kodi za makosa, zile namba ambazo gari linajiandikia likiona hitilafu, zikamwagika mpaka skrini ikawa inateleza. Nikadhani atazisoma. Hakusoma hata moja! Hakuandika, hakupiga picha. Kabonyeza FUTA ZOTE. Kisha kazunguka nyuma, kashusha kiroba cha machungwa, kakiweka kwenye tope, karudi, kabonyeza swichi ya paa kwa kidole kimoja.

Paa likashuka. Taratibu. Likajifunga.

Ndipo akanigeukia, akanitazama kuanzia viatu kupanda juu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Ubungo: "Bosi, gari ni zima. Kinachosumbua ni dereva."

DEREVA. Wakuu, mimi. Na mama mkwe kacheka. Sio kile kicheko cha kujifunika kanga. Kacheka akapiga dashibodi kwa kiganja, akarudia, "Kinachosumbua ni dereva!" Mtu niliyemtolea mahari binti yake!

Elfu themanini ya kubonyeza.

Mama Nuru:

Hapo pa kupiga dashibodi nimelia machozi. Mkuu tuletee huyo mama mkwe humu ndani.

Shoka la Bucha:

Una gari la kufunua paa Dar es Salaam, vumbi miezi sita na mvua miezi sita, halafu unatafuta fundi akuambie nani anasumbua?

Fyuzi Thelathini:

Kufuta kodi kabla ya kuziandika ni dhambi kubwa, hapo niko na wewe. Kosa la kuja na kuondoka linaacha nyayo sehemu moja tu, kwenye kumbukumbu za kontroli boksi, zile kompyuta ndogo za gari. Kodi nyingi zinahifadhiwa na hali ya gari wakati ule: spidi, joto, volti ya betri. Ukikuta kodi za vifaa saba tofauti na zote zimeingia volti ikiwa 10, huendi kununua vifaa saba, unatafuta betri au erthi, ule waya wa kutoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi. Na zile zinazoanza na herufi U maana yake boksi zimeacha kusikilizana. Sasa kafuta, inabidi msubiri liharibike upya.

Na kabla ya kompyuta kuna mita ya kupimia umeme. Betri iliyopumzika usiku kucha isome kama volti 12.6, injini ikiwaka ipande karibu 14. Pampu ya paa inavuta ampea nyingi kwa mpigo, volti ikianguka magari mengi yanasimamisha paa pale pale lilipo. Swali: injini ilikuwa inawaka ulipobonyeza?

Kibarua Hana Likizo:

Ilikuwa inawaka. Na usinihoji, mimi nimekuja kulalamika, sikuja kupimwa. Kaniita DEREVA mkuu. Hivi ninavyoandika mama mkwe yuko sebuleni na simu, anawahadithia Muheza nzima, na sauti ya fundi anaiigiza.

Mvita Kwetu:

Pole ndugu yangu. Kwetu Mombasa wenye magari hayo hulia na chumvi. Upepo wa bahari hula maungio ya erthi, kwa juu waona waya mzima, fungua boliti wakuta unga wa kijani. Redio kukata ukipiga kona ni kitu kimelegea, si jini. Weka mita baina ya nguzo hasi ya betri na bodi ya gari, taa na feni zikiwaka. Yatakiwa isome karibu na sufuri. Ikisoma nusu volti, erthi yako imekufa.

Shoka la Bucha:

Nani kataja jini?

Mvita Kwetu:

Bado hajataja. Fundi akishindwa mara ya pili atataja, ngoja uone.

Tundu la Sita:

Mnazunguka bure. Boksi zote za gari zinaongea kwa nyaya mbili zilizosokotwa, mfumo wa CAN, Bosch waliutoa 1986. Chomoa betri, weka mita ya ohmu kwenye tundu namba 6 na namba 14 la soketi ya chini ya usukani. Ukipata 60, nzima. Ukipata 120, ncha moja imepotea. Kazi ya dakika tano, hakuna haja ya kofia ya sufi.

Fyuzi Thelathini:

Kwa gari la zamani kidogo, sawa. Mengi ya sasa yana boksi la kati linalolinda soketi, unapima kipande cha kutoka soketi mpaka hapo tu. Utapata 60 yako, utafurahi, paa bado liko hewani.

Tundu la Sita:

Wewe umesomea wapi umeme wa magari?

Fyuzi Thelathini:

Chini ya magari ya watu. Wewe?

Tundu la Sita:

Sijibu maswali ya hivyo.

Bi Chapati:

Samahani, machungwa yalipona?

Kibarua Hana Likizo:

Machungwa mazima, yamerudi kwenye buti. Mimi ndiye sijapona.

Kapi la Kisima:

Ngoja kwanza. Kiroba kilikuwa kwenye buti na paa linatokea buti hilo hilo? Magari hayo yana pazia la kutenga mizigo na sehemu ya paa, na pazia lina swichi yake. Lisipokaa kwenye vishikio, paa haliruhusiwi kutembea. Kiroba kikijisogeza, pazia likinyanyuka kidogo tu, swichi inakata na paa linaganda lilipo. Fundi kashusha kiroba, paa limefunga. Mimi naona mtu kamaliza kazi.

Mama Nuru:

Loooh!

Kibarua Hana Likizo:

Kwa hiyo machungwa ndiyo yanashusha dirisha usiku wa manane? Machungwa ndiyo yanakata redio? Wiki jana buti lilikuwa tupu na taa ziliwaka zote, hapo alisumbua nani, harufu ya machungwa?

Na hata kama ni kiroba. KIROBA NI CHA NANI? Kakishika kwa mikono yake, kamtazama mwenye kiroba, kamsalimia shikamoo mama, kisha kanigeukia MIMI. Kinachosumbua ni dereva. Hiyo haki iko wapi?

Mama Nuru:

Ulitaka amwambie mkweo kwamba mzigo wake umegandisha paa? Fundi ana busara. Amekulindia ndoa kwa elfu themanini.

Shoka la Bucha:

Bei ya ushauri wa ndoa imeshuka.

Fyuzi Thelathini:

Tuache utani, dirisha na redio ni kesi nyingine. Mkuu tazama nyaya zinazopita kwenye bawaba za buti na za mlango. Kila paa likifunguka zinapinda sehemu ile ile. Shaba inakatika ndani, plastiki ya nje nzima, macho hayaoni kitu. Washa swichi, mtu mmoja akae mbele atazame dashibodi, wewe kunjakunja waya mmoja mmoja. Ukiugusa mbovu atapiga kelele. Halafu nyanyua zulia la buti. Mifereji ya paa ikiziba na majani, maji yanashukia humo, na humo ndimo waundaji walimoamua kuweka boksi na pampu. Kama sponji ya chini imelowa, jibu unalo.

Kibarua Hana Likizo:

Nikasimame uani nikunjekunje waya na mama mkwe anitazame dirishani? Ahsante.

Kapi la Kisima:

Muite huyo huyo fundi aje akunje.

Kibarua Hana Likizo:

Afadhali niuze gari.

Ndugu wa Tabata:

Unauza? Bei? Limelipiwa ushuru?

Shangazi wa Muscat:

Nyie mnabahatika fundi anawafuata kwa pikipiki kwenye mvua. Mimi huku gari limekaa gereji mwezi mzima na kiyoyozi chao, wananiambia kosa hawalioni. Bili imekuja! Nimelipishwa saa za kutoliona. Nikatoka getini, taa hiyo ikawaka.

Bi Chapati:

Friji langu hivyo hivyo. Usiku linaunguruma watoto hawalali. Fundi akiingia mlangoni, kimya. Kakaa, kanywa chai yangu na maandazi, kaondoka, halijafika hata dakika, ngurumo. Nina hakika linamjua kwa miguu.

Mzee Kandambili:

Fundi bomba wangu je? Kaja kuziba tone moja jikoni, sasa maji yanatoka chooni na kwenye ukuta wa jirani. Namwambia arudi ananijibu "hiyo presha imeongezeka, ni jambo zuri".

Kibarua Hana Likizo:

Jamani uzi huu ni wa gari. Dirisha la kushoto limejishusha sasa hivi, nimelisikia kutoka chumbani, na mvua haijakatika.

Mzee Kandambili:

Weka mfuko mkuu. Nilikuwa nasema, hiyo presha.

Mama Nuru:

Wote nyie hamjakutana na fundi cherehani. Mnaongelea waya. Mimi nimempa kitenge yadi sita cha harusi ya mdogo wangu, mwezi mzima kabla. Kila nikipita, "njoo Ijumaa dada". Ijumaa ya harusi naenda, namkuta anakikata! Ndiyo kwanza anakikata! Na kabakiza kitambaa, mwanawe kakutwa kakivaa shati.

Bi Chapati:

Wa wapi huyo?

Mama Nuru:

Mwananyamala, simtaji. Kibanda cha bluu.

Shangazi wa Muscat:

Aaa, huyo! Alinishonea gauni nikiwa likizo, mkono wa kulia mrefu, wa kushoto mfupi. Kanambia ndiyo mtindo wa sasa.

Tundu la Sita:

Mke wangu naye kashonewa hapo. Zipu iko mbele. Haikutakiwa mbele.

Fyuzi Thelathini:

Huyo alipima kwa macho. Hata kitenge kinahitaji mita.

Tundu la Sita:

Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na wewe.

Shoka la Bucha:

Fundi cherehani hana kosa, nyie mnanenepa kati ya Ijumaa na Ijumaa.

Mama Nuru:

Wewe Shoka usinijue.

Ndugu wa Tabata:

Gari bado lipo?

Mzee Kandambili:

Mimi suti yangu ya kustaafu alishona mwingine, Magomeni. Mfuko wa ndani kaushona umefungwa pande zote. Nimeuliza naweka nini humu, kasema ni wa urembo. Watu wa namna hii wanakula viapo vya wapi?

Bi Chapati:

Lakini huyo wa kibanda cha bluu bei yake iko vipi? Wa kwangu amehama na nguo zangu.

Mama Nuru:

Bei nzuri, siwezi kumsingizia. Elfu kumi na tano gauni, na ukimpa shikizo zako anapunguza.

Bi Chapati:

Na shela anashona?