Plagi za IST zibadilishwe lini? Gari linamisi (cheche inaruka vibaya, linashtuka) likipanda mlima

Mwana wa Chumbageni
Habari wakuu. Nipo Tanga mjini, nina Toyota IST ya cc 1300 niliyoinunua kwa mtu. Dashibodi inasoma kilomita 96,000, na aliyeniuzia hakuwa na kumbukumbu yoyote ya sevisi. Mjini inatembea vizuri kabisa, hata AC ikiwa imewashwa. Shida ni kupanda Amani kutokea Muheza. Ukikanyaga mafuta inashtukashtuka, nguvu inakata, na taa ya injini inapepesa. Fundi mmoja anataka atoe plagi (zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli) azipige msasa, mwingine anasema muda wake bado. Nimfuate nani? Plagi zinabadilishwa kwa kilomita au mpaka zife?

Dereva wa Segera
Nunua zote nne, mkuu. Msasa usikubali.

Fundi Ngamiani
Usinunue kabla hujaziona. Plagi za kawaida za nikeli zinabadilishwa kati ya kilomita 20,000 na 30,000. Za iridiamu zinaweza kufika 100,000. Wewe hujui zilizomo ni zipi wala ziliwekwa lini, kwa hiyo hiyo 96,000 haikusaidii kitu. Zifungue injini ikiwa imepoa, maana kichwa cha injini ni cha aluminiamu na nyuzi za tundu la plagi zinaharibika upesi kikiwa na moto.

Kwa nini mjini husikii kitu? Unapopanda mlima umekanyaga mafuta, hewa nyingi inaingia kwenye silenda na kompresheni inakuwa kubwa. Hapo cheche inahitaji umeme mwingi zaidi ili iruke. Plagi ikiisha gepu, yaani nafasi ambayo cheche inaruka, linapanuka, na koili inayoipa plagi umeme ikiwa dhaifu haiwezi kulivuka. Barabara tambarare inakuficha, Amani inakuumbua.

Hilo la msasa linaniuma sana, maana nimeona watu wakiharibiwa plagi nzima. Iridiamu ina kincha chembamba kisichofika hata milimita 1. Ukikisugua umekimaliza.

Na taa ikipepesa, punguza mafuta mara moja. Petroli isiyoungua inaenda kuungua kwenye masega ya ekzosi (yanayosafisha moshi), na bei yake ni mara nyingi ya plagi.

Mwana wa Chumbageni
Asante sana fundi. Zimefunguliwa leo mbele yangu. Tatu ncha zake ni kahawia hafifu, ila gepu limepanuka. Ya silenda ya 3 ncha ni kavu, lakini kaure yake kwa nje imelowa oili, na raba ya koili imelowa pia. Mashine ya kupimia imetoa P0303. Ndiyo injini inakula oili?

Fundi Ngamiani
Hapana, tulia. Oili ingekuwa kwenye ncha ndiyo tungezungumzia ringi au sili za valvu. Ikiwa nje, inavuja kutoka tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) na kujaa kwenye tundu la plagi. Inalainisha raba ya koili, umeme unatorokea pembeni. Kodi P0303 maana yake ni kumisi kwa hiyohiyo silenda ya 3.

Badilisha gasketi ya tapeti kava, kausha tundu, kisha weka plagi mpya zote nne. Halafu hamishia koili ya 3 kwenye silenda ya 1. Kodi ikigeuka P0301, yaani silenda ya 1, koili imekufa. Isipogeuka na gari ikitulia, usinunue koili.

Mama Pongwe
Nyongeza kwa mwenye mada: plagi feki zimejaa. Linganisha namba na za zamani, na gepu lipimwe kwa geji. Injini hiyo inataka milimita 1.1. Na mwambie fundi aanze kuzifunga kwa mkono mpaka zikae, ndipo aongeze nusu mzunguko kwa spana. Wengi wanakaza kwa nguvu zote, baadaye uzi wa kichwa unang'oka na plagi.

Mwana wa Chumbageni
Nimeelewa, mama. Naanza na gasketi, plagi naagiza za iridiamu, na kilomita nitaziandika kwenye karatasi chini ya boneti ili atakayeichukua baada yangu asihangaike.