Mfarishi wa khanga umebaki kufungwa pindo tu, na nyekundu inachuja. Nifue au nisifue?

BintiMusoma

Wakuu, habari za Jumapili. Natanguliza shukrani, maana uzi wenyewe ni mrefu.

Niko Lancaster, Pennsylvania, mwaka wa sita sasa. Tangu Novemba nashona mfarishi kwa mkono, ule wa vipande vipande. Uso ni khanga, katikati pamba, mgongoni amerikani nyeupe (naam, amerikani imerudi kwao). Ukubwa ni inchi 64 kwa 80, vipande 320. Khanga ni za mama. Kila nikirudi likizo alinipa doti, nyingine zikaja na wasafiri, na nyingi sikuwahi kuzivaa maana huku utavaa khanga uende nayo wapi Januari? Nilimpigia kumwomba ruhusa ya kuzikata. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kata, lakini usinitupie majina." Basi majina nimeyashona humo humo, ila yamekatika katika. Kuna khanga iliyosema MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, na kipande kilichoangukia upande wa mume wangu kimebaki NDIYE KUMBE. Kila usiku anakisoma kwa sauti kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Aliyenifundisha ni jirani yangu, bibi wa Kimennonite (dhehebu la Kikristo) wa miaka themanini na ushee. Mishono yake ni kumi kwa inchi. Mimi nikijitahidi sana ni sita.

Sasa theluji imeisha, saa zimesogezwa mbele, jua linazama saa moja na dakika kumi jioni. Nakaa dirishani na chai ya tangawizi, miche ya mchicha iko kwenye vikopo vya maziwa ya mgando pembeni, Waamish, wale Wakristo wanaoishi kizamani, wanalima na nyumbu (wale wa punda na farasi) ng'ambo ya barabara. Ningefungua dirisha, lakini huu ndio msimu wa kumwaga samadi mashambani, na harufu yake hata sisi tuliokulia na ng'ombe tunasalimu amri. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalia Machi. Mwaka huu nikimaliza kuosha vyombo naharakisha kwenda kukaa na sindano yangu.

Tatizo: jana nimelowesha kona moja, nikaweka kitambaa cheupe juu, nikapiga pasi ya moto. Kitambaa kimetoka na doa la waridi. Ile khanga nyekundu inachuja! Na imekaa vipande zaidi ya arobaini, jirani na vyeupe.

Nauliza mawili. Kwanza, nifue au niuache hivyo hivyo milele? Pili, pindo la kufungia pembeni nitumie khanga ya mwisho iliyobaki (doti nzima, nyeusi na njano, haijaguswa), au ninunue kitambaa dukani? Jirani anataka niwahi mnada wa matope, nitaeleza baadaye ni nini.

Kipepe

Picha?

MaketeBaridi

Dada, wewe unamaliza blanketi baridi ikiwa inaondoka. Sisi huku Makete ndiyo tunaingojea Juni. Utume tu, tatizo la kufua tutalimaliza wenyewe.

SindanoYaMoto

Nimeshona miaka ishirini na mbili, ngoja niulize kabla ya kutoa dawa.

Moja, khanga ulizifua kabla ya kukata? Mbili, mistari ya kufuata wakati wa kushona ulichora na nini? Tatu, pamba ni pamba tupu au ile ya plastiki?

BintiMusoma

@SindanoYaMoto, za zamani zilishafuliwa sana. Ile nyekundu na mbili nyingine zilikuwa mpya, niliogopa zitapoteza wanga wake na kunisumbua kukata. Nimechora na kalamu ya buluu ya mafundi, ile inayotoka kwa maji. Pamba ni pamba tupu.

SindanoYaMoto

Hapo ndipo penye kazi. Kalamu ya buluu haitaki moto. Ukiipiga pasi kabla hujaitoa, rangi inageuka kahawia na kung'ang'ania. Ile kona uliyopiga pasi jana, kaiangalie.

BintiMusoma

Nimekwenda kuangalia. Kuna mstari wa kahawia kama inchi nne. Ee Mungu wangu.

Mwana_wa_Mvita

Pole mamangu. Sisi hapa Mombasa leso mpya haivaliwi kabla ya kulazwa kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Nyanya yangu alitia na siki kidogo. Weka mfarishi wako kwenye chumvi, rangi itashika, usihangaike na mengine.

SindanoYaMoto

@Mwana_wa_Mvita, nyanya namheshimu, lakini chumvi husaidia pale rangi inapotiwa, kwenye pipa la rangi lenyewe, ili iingie kwenye uzi. Kitambaa kikishatoka kiwandani na rangi ya ziada juu juu, chumvi haiigandishi. Siki nayo ni ya rangi za sufu na hariri, kwa pamba haina kazi. Leso ya nyanya iliacha kuchuja kwa sababu ililala majini usiku mzima ikaachia ile ya ziada. Sifa wamepewa chumvi, kazi kafanya maji.

Mwana_wa_Mvita

Haya fundi. Lakini chumvi nitaendelea kuitia, simwambii nyanya maneno hayo.

Shangazi_Oslo

Yamenikuta haya, nami sikuwa na wa kumuuliza. Nilishona kifuniko cha kitanda cha mtoto, kitenge chekundu na nyeupe, nikatia mashine maji ya baridi nikidhani ndiyo usalama. Kikatoka chote cha waridi, kama kimelala na nyanya mbivu. Kosa kubwa ni kwamba nilikiweka kwenye mashine ya kukaushia. Joto lile likaigandisha rangi mahali isipotakiwa. Kabla ya hapo kilikuwa kinaokoleka.

Kwa hiyo dada, lolote litokee, usiruhusu kikauke na doa. Kitambaa kikiwa bado kibichi, rangi iliyohama inaweza kuhama tena.

BintiMusoma

Sasa mmenitisha zaidi. Si bora nisifue kabisa?

SindanoYaMoto

Una watoto?

BintiMusoma

Wawili. Mdogo ana miaka mitatu.

SindanoYaMoto

Basi utafuliwa, swali ni siku gani na kwa amri ya nani. Juisi itamwagika usiku, wewe uko nusu usingizini, ndipo utakapoutumbukiza popote. Fua sasa ukiwa na akili timamu na Jumamosi nzima mbele yako.

Ila funga pindo kwanza. Ukingo ukiwa wazi utachanika nyuzi nyuzi na pamba itachungulia nje. Na ile khanga ya pindo uifue peke yake kabla hujaikata, usije ukaleta mchujaji wa pili.

Pindo likishakaa, siku ya kufua anza na maji baridi matupu, bila sabuni, uzamishe wote mpaka buluu yote iondoke. Usiruke hatua hii, sabuni na joto ndivyo vinavyoifanya kalamu ing'ang'anie. Ukishahakikisha, jaza bafu maji ya moto, sabuni ya kufulia ya kutosha, ulaze wote chini ya maji, pasibaki kisiwa. Maji yawe mengi. Rangi iliyotoka inatakiwa ielee mbali, isikute kitambaa kikavu cha kupanda. Acha saa kadhaa, hata usiku. Maji yakiwa na rangi, mwaga, jaza tena. Utajuaje umemaliza? Chota kwenye glasi ya kioo, weka mbele ya karatasi nyeupe. Yakiwa safi kama ya kunywa, suuza.

Vile vikaratasi vya kunasa rangi vinavyouzwa karibu na sabuni vinasaidia kidogo, lakini usivitegemee peke yake.

Usitundike kwenye kamba moja. Mfarishi wa pamba ukilowa ni mzito kama mtoto wa shule, mishono ya mkono itakatika. Tandika shuka kwenye majani, uulaze hapo, kivulini. Na ukikauka utasinyaa kidogo, pamba tupu hupungua kama asilimia 3 hadi 5, uso utapata mikunjo midogo midogo. Usiogope, wenzako wanaitafuta mikunjo hiyo.

Kipepe

Fundi, hii ni semina. Picha sasa.

MzeeMwisenge

Mwanangu BintiMusoma, nimecheka peke yangu kuona Lancaster. Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitoka huko huko ulipo. Mama yangu alikuwa na blanketi la viraka alilopewa na mama mmoja mmisionari, tukalilalia watoto watano. Sisi tuliona ni viraka kweli, tukadhani Wazungu nao wana shida. Leo unaniambia mtu ana kitambaa kizima halafu anakikata makusudi.

Khanga ya mwisho ya mama yako usiikate.

Mwana_wa_Mvita

Aikate! Leso isiyovaliwa inazeeka bure kabatini. Tena pindo la leso limeumbwa kuwa pindo, akate kule kule kwenye ukingo wake.

Shangazi_Oslo

Doti ni khanga mbili jamani. Kata moja, bakiza moja.

BintiMusoma

@Shangazi_Oslo, nimekaa wiki nzima nazunguka na jambo hili na jibu lilikuwa kwenye neno lenyewe.

@MzeeMwisenge, shikamoo. Nitamsimulia jirani habari ya watoto watano, atafurahi sana. Kwao kuna Waamish wanaoshona bila umeme, kwa cherehani za miguu kama ile ya fundi wetu pale sokoni.

Na mnada wa matope ni hivi: vikosi vya zimamoto vya kujitolea huku vijijini hufanya minada ya kuchangisha fedha kuanzia mwisho wa Februari. Ardhi inayeyuka, watu wanakanyaga tope mpaka kwenye vifundo, wananunua farasi, majembe, vyakula, na mifarishi. Bibi anasema wangu ungepiganiwa kwa sababu hawajaona khanga.

SindanoYaMoto

Hesabu ya pindo hii hapa. Kuzunguka ni inchi 288, ongeza 12 za kona na maungio, 300. Khanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi, tuseme inchi 59. Vipande vitano vya upana wa inchi mbili na nusu ni 295, na kila ungio linakula. Havitoshi, kata sita. Unga kwa mshazari ili pasiwe na nundu. Kunja katikati uwe wa mikunjo miwili, khanga ni nyepesi na ukingo ndio unaotangulia kulika. Mfarishi wako una pande nne zilizonyooka, huna haja ya kukata utepe mshazari.

Shona kutoka uso. Ukifika robo inchi kabla ya kona, simama, kata uzi. Kunja utepe uelekee juu, kisha uushushe ulingane na upande wa pili, anza tena kutoka ukingoni kabisa. Ukigeuza nyuma kona itajikunja yenyewe. Nyuma shona kwa mkono, mishono ijifiche.

BintiMusoma (wiki mbili baadaye)

Wakuu, nimerudi.

Khanga moja nimeikata, nyingine nimeirudisha kabatini. Vipande sita, fundi, kimebaki cha kufungia nywele. Kona ya kwanza niliifumua mara tatu, ya nne nimeifanya huku naongea na simu.

Jumamosi nilimtoa mume na watoto nyumbani. Maji baridi kwanza, buluu ikaondoka nikiitazama. Bafu la kwanza la moto likawa kama chai ya rangi. La pili sharubati. Nililala na kuamka saa tisa za usiku kwenda kuchungulia, mume akaniuliza kama kuna mgonjwa. Bafu la tano, glasi ikawa safi. Tulikuwa wawili kuutoa, tukauviringisha ndani ya mataulo na kuyakanyaga, watoto wakaomba nao wakanyage.

Vyeupe vimebaki vyeupe, isipokuwa vitatu vimeona haya kidogo. Mstari wa kahawia bado upo. Jirani alikuja akiwa na miwani yake, akaupapasa mfarishi wote mpaka nikatetemeka, akaniambia, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba ule wa kwanza kwake una damu ya kidole na ameulalia miaka sitini. Ya mnada hakuyataja tena, nami sikuyagusa.

Kipepe

PICHA.

BintiMusoma

Mdogo ameulalia, na dirisha liko wazi, upepo leo umegeukia upande mwingine. Akiamka nitapiga.