Ushauri: nataka kuunganisha Boeing 787 na 737 nipate ndege ya kubuni yenye injini nne mkiani

Mjenzi wa Utawala

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijashika msumeno, maana plastiki ikishakatwa imekatwa.

Niko na seti tatu mezani, zote za Zvezda, skeli ya 1/144: moja ya Boeing 787-8 na mbili za 737-800. Sitaki kuzijenga jinsi karatasi ya maelekezo inavyosema. Nataka kujenga ndege moja ambayo haijawahi kuwepo: ndege ya East African Airways ya leo, kama shirika lile lisingekufa mwaka 1977. Wale walikuwa na Super VC10 tano, za kwanza zikafika 1966. Injini nne za Rolls-Royce Conway zimepangwa mkiani mbilimbili, na mabawa ya mkia yamekaa juu kabisa ya pezi, lile bawa la wima la mkiani. Kwangu mimi hakuna ndege ya abiria iliyowahi kupendeza kuliko ile. Sasa najiuliza: shirika lingeishi na kuendelea kupenda umbo hilo, leo lingekuwa linarusha nini kutoka uwanja wa Embakasi, Nairobi?

Mpango wangu ni bodi na mabawa ya 787, injini nne kutoka kwenye zile 737 mbili, zote nizipachike nyuma, halafu mabawa ya mkia niyapandishe juu ya pezi. Chini ya mabawa makubwa pabaki safi bila kitu.

Nimevishikanisha vipande kwa tepu ya karatasi ili nione, na kuna kitu hakikai sawa. Ukiitazama ubavuni, ndege yote inaonekana imelemea nyuma. Sijui tatizo ni injini au ni bawa. Pia sielewi pezi la 787 litabebaje mabawa ya mkia bila kuvunjika. Na kuna aliyewahi kukata bodi akaiunga tena bila kovu kuonekana?

Fundi Bodi

Ni bawa, si injini. Ndege husawazika kwenye bawa. Injini za 787 ziko chini ya bawa, karibu na pale uzito wote unapokutana. Ukizihamishia mkiani, kitovu cha uzito kinarudi nyuma, na bawa lazima likifuate. Tazama VC10, DC-9 au 727: zote zina pua ndefu mbele ya bawa na kipande kifupi nyuma yake. Mtu aliyezoea kutazama ndege atagutuka akiona bawa limekaa mbele na injini ziko nyuma, hata kama hataweza kukueleza kwa nini.

Bahati nzuri huhitaji seti nyingine. Bodi ya 787 kwa sehemu kubwa ni bomba la upana uleule, mita 5.77 kwenye ndege halisi, yaani milimita 40 kwenye modeli yako. Kata pete moja nyuma ya bawa, uipachike mbele ya bawa. Urefu wa jumla haubadiliki, unabaki sentimita 39 na kitu, lakini bawa limesogea nyuma kwa kiasi cha ile pete. Mimi ningekata milimita 30, ambazo kwa ndege halisi ni zaidi kidogo ya mita 4. Sehemu ya kati yenye tumbo na mashimo ya kupachikia mabawa huigusi kabisa, na huo ndio uzuri wa njia hii.

Gundisha nusu mbili za bodi kwanza, ziache zikauke vizuri, ndipo ukate. Ukikata kila nusu peke yake hazitakutana tena. Zungusha tepu kwenye bodi ikuongoze: mwisho wa tepu ukikutana sawasawa na mwanzo wake, mstari umenyooka, ukipishana hata kidogo, umezungusha mshazari, toa uanze upya. Tumia msumeno mwembamba wenye meno madogo, uwe unazungusha bodi polepole huku unakwaruza, usiukandamize. Mstari upite katikati ya dirisha na dirisha ili mpangilio wa madirisha usiharibike. Na pete isiwe na mlango ndani yake, la sivyo utapata milango miwili jirani huku mbele, na nyuma hakuna kitu.

Karatasi na Wembe

Mimi nauliza tu kwa nia njema. Ndege ni ya kubuni. Kwa nini ajifunge na kitovu cha uzito? Modeli haitaruka. Mabawa yakae pale anapopenda macho yake. Nimeona watu wakijenga 747 yenye mabawa sita na ikavutia watazamaji kuliko modeli yoyote iliyofuata maelekezo.

Mjenzi wa Utawala

@Karatasi na Wembe, nakuelewa, na hiyo ya mabawa sita ningependa kuiona. Lakini hii nataka mtu aitazame kabatini aamini, aende nyumbani akaitafute kwenye intaneti. Bila sababu nyuma ya kila kipande sitaipata imani hiyo. @Fundi Bodi, ile pete imenitoa kizani. Nilikuwa nawaza kununua 787 ya pili.

Binti Rubani

Kwa kuwa unataka iaminike, acha nikusumbue kuhusu injini.

Injini za 737-800 ni CFM56-7B, na yenye nguvu kuliko zote katika familia hiyo inatoa pauni 27,300 za msukumo. Nne zinakupa kama 109,000. 787-8 ina uzito wa juu wa kupaa karibu tani 228, na injini zake mbili za GEnx hufikia karibu pauni 70,000 kila moja, jumla 140,000. Umepunguza msukumo kwa zaidi ya asilimia 20 halafu unataka kupaa kutoka uwanja ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, injini inapumua kidogo na bawa linabeba kidogo. VC10 ilibuniwa hasa kwa viwanja vya joto na vya juu kama vyetu. Injini ziliwekwa nyuma ili bawa libaki tupu, liweze kujaa vifaa vya kuongeza unyanyuzi tangu bodini mpaka karibu na ncha bila kukatizwa. Ukiitengeneza ndege ya ukoo ule halafu ukainyima nguvu, umekata mzizi wa hadithi yako.

Nimepiga hesabu. Super VC10: injini nne za pauni 22,500, tani 152 hivi, inakuja kama pauni 590 kwa kila tani. Ndege yako na CFM56 nne: 480. Sasa jaribu injini za Airbus A320neo. LEAP-1A, ile ile inayoweza kufungwa kwenye A321neo, hufika pauni 32,160. Nne ni kama 128,600, ambazo ni kama pauni 564 kwa kila tani. Uko karibu kabisa na VC10 yenyewe. Zvezda hao hao wana A320neo ya 1/144.

Kuna sababu nyingine ambayo hata asiyejua hesabu ataiona. Ganda la injini ya 737 limebapa chini. Lilifanywa hivyo kwa sababu 737 imekaa karibu na ardhi na injini ilikuwa inakosa nafasi. Ukiipandisha mkiani, ule ubapa hauna kazi yoyote, na mtu yeyote aliyewahi kupanda ndege ya Mombasa atajua papo hapo umeitoa wapi. Feni ya LEAP ina kipenyo cha mita 1.98, kwenye modeli milimita 14 hivi, na ganda lake ni la duara. Kata kwanza miduara ya kadi, uishike ubavuni mwa mkia uone upana.

Msasa Namba 400

Binti Rubani amemaliza. Mimi nazungumzia mikono.

Ndani ya kila kiungo weka mkanda wa plastiki unaoingia pande zote mbili, upana wa sentimita moja na nusu. Vikombe vya mtindi vinafaa, lakini geuza kikombe utazame pembetatu chini: unataka namba 6, hiyo ni polistirini, jamii moja na plastiki ya modeli, na gundi nyepesi ya kuyeyusha itaviunganisha viwe kitu kimoja. Namba 5 ni polipropilini, gundi hiyo haiishiki hata ukeshe nayo. Supaglu peke yake kwenye kiungo cha kubeba uzito mimi siiamini, inashika lakini ikigongwa inaachia.

Pati ya mafundi wa magari kutoka Kirinyaga Road inafanya kazi vizuri, ile ya kuchanganya na kigumishi. Paka nyembamba, acha ikauke, sugua kwa msasa wa maji 400, kisha 800, kisha 1200. Puliza praima ya kijivu. Hapo kovu lote litajitokeza na utafikiri umeharibu. Rudia pati na msasa. Kwenye bodi nyeupe inayong'aa kiungo hakisameheki, kwa hiyo usiwe na haraka ya kufika kwenye rangi. Rangi ya gari ya kopo nayo ni kali, bila praima inaweza kula plastiki, puliza nyepesinyepesi.

Pezi: kata ncha yake, milimita 8 hivi. Unapata mambo mawili. Kwanza, pezi lenye mabawa juu kwa kawaida huwa fupi, kwa hiyo litaonekana sawa. Pili, ukikata unakutana na sehemu pana zaidi ya kutoboa. Toboa wima, zamisha waya wa shaba wa milimita moja mpaka ndani ya bodi. Mabawa ya mkia ya 787 yanakuja mawili, kushoto na kulia, yaunganishe kwanza kwa waya mwingine wa kulala, yawe kipande kimoja, ndipo uyakalishe. Pale yanapokutana panahitaji kifuniko chenye umbo la risasi. Chukua vile viganda virefu vinavyokaa chini ya mabawa ya 737, gundisha viwili mgongo kwa mgongo, sugua. Utafikiri kilitoka kiwandani hivyo.

Injini usizigundishe ubavuni moja moja. Toboa mfereji kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, pitisha ubao mmoja wa plastiki wa milimita 2, injini zikae kwenye ncha zake. Hata VC10 yenyewe injini zilibebwa na boriti zilizopita bodini.

Mzee wa Komarock

Vijana, mmenifurahisha. Nilizisikia zile Conway nikiwa mdogo. Zikipaa, mazungumzo yalisimama mpaka zipotee.

Nikuongezee kitu kwenye hadithi yako. British Aircraft Corporation walikuwa na pendekezo la VC10 ya ghorofa mbili, wakaliita Superb. Halikujengwa. Kwa hiyo wazo la VC10 kubwa zaidi si la kuota, waliokuwa nalo walikuwa wahandisi wenye kalamu mkononi. Ndege yako inaweza kuwa mjukuu wa ile.

Na zile za East African hazikuishia hapa. Moja, 5X-UVA, ilianguka Addis Ababa Aprili 1972 na watu wengi wakafa, na hilo tunaliheshimu. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa ndege za kujaza nyingine mafuta angani katika jeshi la anga. VC10 ya mwisho kabisa kuruka duniani, Septemba 2013, ilikuwa 5H-MMT ya zamani. Na 5H-MOG ndiyo VC10 ya mwisho kutoka kiwandani.

Ukifika kwenye usajili, kumbuka zilisajiliwa katika nchi zote tatu: 5Y Kenya, 5X Uganda, 5H Tanzania. Usiweke 5Y kwa sababu tu unaishi Nairobi. Chagua moja uwe na sababu yako.

Mjenzi wa Utawala

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya 5H-MMT sikuijua, na imenigusa sana. Basi itakuwa 5H.

Wakuu, nimebadilisha mpango. Pete ya milimita 30 inahama kutoka nyuma kwenda mbele. 737 zinatoa vile viganda vya chini ya mabawa tu, kwa mengine nitazijenga kawaida. Injini natafuta LEAP nne. Mashimo ya mikono ya injini chini ya mabawa ya 787 nayaziba kwa plastiki na pati, kisha nachonga upya mistari ya vipande vya kuongeza unyanyuzi ipite moja kwa moja pale injini zilipokuwa. Bawa lile tupu ndilo nataka watu waangalie kwanza.

Imebaki moja: itasimama kwa magurudumu yake?

Fundi Bodi

Haitasimama bila uzito puani, hata bawa likirudi nyuma. Nenda kwa fundi wa matairi aliye karibu, muombe vile vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu, vilivyotolewa huwa anavitupa. Kabla ya kuunga pete ya mbele una mlango wazi wa kuingia puani, kwa hiyo vijaze wakati huo. Shikanisha kila kitu kwa tepu pamoja na injini na mkia, weka vidole viwili chini ya mabawa pale miguu mikuu itakapokaa, ongeza risasi mpaka pua ishuke yenyewe, halafu ongeza kipande kimoja zaidi kwa ajili ya pati na rangi utakazopaka mkiani. Vigandishe kwa gundi ya sehemu mbili, visije vikalegea ukaanza kuvisikia vikicheza ndani na hakuna pa kuingilia tena.

Binti Rubani

Mimi nina A320neo mbili ambazo bado sijafungua mifuko. Nataka kuzijenga kama ndege zilizoegeshwa bila injini, ziko kwenye matengenezo, kwa hiyo LEAP nne nakupa. Wewe nipe zile GEnx mbili za 787, nina kazi nazo. Nitumie ujumbe wa faragha tupange tukutane mjini Jumamosi, na uje na miduara yako ya kadi tupime kabla hujakata mkia.