Naomba ushauri: ushirikiano wa vijiji vya mpakani kuzuia moto wa msitu

Ndugu wanachama, naomba ushauri kwa niaba ya kamati ya mazingira ya kijiji chetu, kilichoko Rombo karibu na mpaka wa Kenya.

Tangu moto wa Oktoba 2020 ulioanzia eneo la Whona na kuteketeza sehemu kubwa ya uoto wa juu wa Mlima Kilimanjaro, kila kiangazi kinatutia hofu. Moto wa wachoma mkaa, warina asali na wafugaji wanaotafuta majani mabichi hautambui mpaka, ilhali sisi na majirani zetu wa upande wa Loitokitok hatuna hata utaratibu wa kupeana taarifa mapema. Tanzania na Kenya zimeahidi, kupitia AFR100, mpango wa nchi za Afrika wa kurejesha misitu na ardhi iliyoharibika, kurejesha zaidi ya hekta milioni 5 kila moja ifikapo 2030; ahadi hiyo ni kubwa, nami naamini haitatimia iwapo miche inaungua kabla ya kukomaa.

Je, kamati za vijiji vya nchi mbili zinaweza kuwekeana makubaliano ya maandishi, au ni lazima yapitie wilayani na wizarani? Pili, katika eneo lililoungua, tupande miti ya asili kama mringaringa na msesewe, au tulilinde tu dhidi ya mifugo ili uoto wa asili uchipue wenyewe? Mimi naegemea kulilinda, ila wenzangu wengi wanataka mikaratusi kwa sababu inakua haraka, jambo linalonitia wasiwasi kuhusu vyanzo vyetu vya maji.

Mwenye uzoefu, hasa wa Mlima Elgon ulioko mpakani mwa Kenya na Uganda, tafadhali anieleze watu wa huko walianzaje.