Mionzi baada ya kutolewa uvimbe: lazima shangazi afunge safari ya Dar?

Mleta mada, Mikindani
Wadau, shangazi yangu ana miaka 61. Alikwenda Dar kumuuguza mwanawe, akapima matiti, wakakuta saratani ambayo bado imo ndani ya mirija ya maziwa, haijapenya kutoka nje. Wenyewe wanaiita hatua sifuri. Katolewa kipande, titi limebaki. Sasa anatakiwa apigwe mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, siku tano kwa wiki, wiki tatu. Kutoka huku ni zaidi ya kilomita 500.

Mimi nasema asiende. Tafiti zimeonyesha kwa saratani ya aina hii mionzi haipunguzi vifo. Korosho zinaanguka, nani ataokota?

Muuguzi mstaafu, Ligula
Umesema nusu, mwanangu. Uchambuzi wa 2010 uliounganisha majaribio manne, wanawake zaidi ya 3,700, ulikuta hivi: ndani ya miaka 10, kati ya 100 wasiopata mionzi, 28 ugonjwa uliwarudia titi lilelile. Waliopata, 13. Na karibu nusu ya unaorudi huwa umeshapenya. Vifo havikutofautiana, hapo sikubishii. Lakini ukirudi umepenya, huzungumzii tena wiki tatu. Pengine ni kutolewa titi lote, na dripu za dawa za saratani juu yake.

Wa Newala
Bibi, majaribio hayo ni ya zamani. Lipo la Marekani la baadaye, kwa uvimbe mdogo usiozidi sentimita 2.5, usio wa daraja la juu, yaani seli zake si kali, na kingo za kipande kilichotolewa ni safi, hazina saratani. Baada ya miaka 7, wasio na mionzi waliorudiwa ni kama 7 kwa 100. Wenye mionzi hawakufika hata mmoja kwa 100. Kwa mtu wa namna hiyo kukataa kunaeleweka. Karatasi ya maabara ya shangazi inasemaje? Tunabishana hewani.

Mleta mada
Sentimita 4. Daraja la juu.

Wa Newala
Basi umejijibu.

Mama Tandahimba
Kuna jambo mnaliruka. Aliyebakiwa na titi lazima apigwe picha ya titi kila mwaka, na asiyepigwa mionzi ndiye asiyeweza kabisa kuikosa. Atakwenda Dar kila mwaka huyo anayeshindwa kwenda mara moja? Na je, aliambiwa kwamba angetoa titi lote, mionzi kwa kawaida isingehitajika? Wengine huku wangechagua hivyo, wamalize. Halafu mleta mada, umeandika yote hayo, shangazi mwenyewe kasema nini?

Mleta mada
Nimeshikwa pabaya. Nimemuuliza jioni hii. Titi halitoi, kakataa katakata. Mionzi haikatai. Anachotaka kujua ni kama inaweza kungoja mnada wa korosho upite, apate nauli na pesa ya kula.

Muuguzi mstaafu, Ligula
Kidonda lazima kipone kwanza, kwa hiyo wiki kadhaa anazo. Msimu mzima hana. Apige simu kliniki kesho, aseme hivyohivyo alivyokwambia, wampe tarehe. Korosho okota wewe.