Gumzo la familia: Juma na bastola ya zamani ya shabaha

Juma: Habari za jioni wapendwa. Naomba ushauri na msinicheke. Kuna mzee hapa klabu ya shabaha anaacha kupiga, macho yamechoka, sasa anauza bastola yake High Standard Supermatic Citation, ile ya risasi ndogo za .22. Nimeishika nikarudi nyumbani sijielewi. Ninunue au niache?

Juma: [picha]

Juma: [picha]

Zawadi: Bastola tena?? Mi nikajua unatangaza mtoto wa pili

Seif: 😂😂😂

Husna: Wifi hata mimi ndo naiona hapa kwenye kikundi pamoja na nyie, sijaambiwa kitu

Juma: Nilikuwa nakuja kukwambia mama Imani

Husna: Ulikuwa unakuja kutokea wapi, tumekaa kochi moja

Seif: Kaka umekwisha

Shangazi Rehema: Juma mwanangu hiyo ni silaha au ni ya mchezo? Maana naiona ina mtutu mrefu kama ya kwenye sinema

Juma: Shangazi ni ya mchezo wa kulenga shabaha ila ni silaha kamili, risasi za kweli, leseni ya kweli. Ndo maana nauliza kwa watu wazima kabla sijafanya lolote

Mjomba Hamisi: Nimeona picha. Subirini nivae miwani

Zawadi: Haya mwenye fani kafika

Seif: Mi kabla mjomba hajaanza nasema hivi, kwa nini ununue kitu cha zamani wakati za kisasa zipo, spea zipo, waranti ipo, ikiharibika unapeleka unarudishiwa. Hiyo kampuni si ilishakufa?

Mjomba Hamisi: Ile ya mwanzo ilifungwa 1984, kweli, jina likaja kutumiwa na wengine baadaye. Lakini Seif usiidharau, zile bastola zilikuwa moto. Olimpiki ya Roma 1960 yule Mmarekani William McMillan alichukua dhahabu ya mita 25 ya kupiga haraka akiwa na High Standard. Triga zake, pale kidole kinapovuta kufyatua, mpaka leo zinasifiwa, inakatika safi bila kukokota

Juma: Mnasikia lakini

Mjomba Hamisi: Usishangilie, hiyo ya McMillan sio hii unayouziwa. Kuna vitu sijavipenda kwenye picha. Kwanza niambie unaitaka ya nini, kupiga mashindano au kuiweka uitazame?

Juma: Vyote mjomba

Mjomba Hamisi: Hapo ndo watu wanapopigwa. Ukiitaka ya kuitazama unatafuta ambayo haijaguswa, rangi yake ya kiwandani, namba zake, boksi lake kama lipo. Ukiitaka ya kupiga hujali mikwaruzo, unajali mtutu, triga na magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Ukisema vyote unalipia uzuri halafu unauchakaza mwenyewe kila wikiendi

Mjomba Hamisi: Sasa kuza picha ya pili angalia yale maandishi ubavuni. Unaona herufi zimelala, kingo zake zimekuwa mviringo kama zimeloa? Maandishi ya kiwandani yanakaa makali. Hiyo imesuguliwa ikapakwa rangi ya bluu upya, na aliyesugua alikuwa na mkono mzito. Kwa kupiga haina shida, ila asikuuzie kama kitu cha mkusanyaji

Juma: Yeye kasema haijaguswa tangu ainunue

Mjomba Hamisi: Inawezekana kweli kwa upande wake, iliguswa na wa kabla yake. Simwiti mtu mwongo

Shangazi Rehema: Hamisi unaona mpaka herufi zilizolala, mimi naona chuma tu 😄

Mjomba Hamisi: Pili, urefu wa mtutu. Huo wenye mifereji ni ule mrefu wa inchi saba na robo, karibu milimita 184. Kanuni za ISSF, shirikisho la dunia la mchezo wa shabaha, kwa mita 25 mtutu mwisho milimita 153. Kwa hiyo mashindano ya kanuni hizo huingii nayo, utazuiwa pale pale kwenye ukaguzi wa vifaa. Muulize kama anao na ule mfupi, maana hizi mtutu unatoka kirahisi na kuwekwa mwingine, wengi walikuwa na miwili

Juma: Eh hilo sikulijua. Klabu yetu inafuata kanuni hizo hizo

Seif: Si nilisema za kisasa

Zawadi: Seif tulia mjomba amalize

Husna: Mimi nina swali dogo tu. Baba Imani wewe si unatumia mkono wa kushoto?

Juma: Ndio

Husna: Hicho kibao kimetokeza hapo ubavuni kwenye mpini wa mbao si ni cha kuegeshea kidole gumba? Mbona kiko upande wa mtu wa kulia? Nimejaribu na rimoti hapa, wewe gumba lako linaangukia upande wa pili

Seif: 💀💀💀

Zawadi: Wifiiii

Mjomba Hamisi: Hahaha Husna njoo klabu tukupe ukaguzi. Yuko sahihi kabisa, mpini huo umechongwa kwa mkono wa kulia. Na kufuli la usalama nalo liko kushoto kwa ajili ya gumba la mtu wa kulia, Juma utalifikia kwa kubadili mshiko

Juma: Nilipoishika ilikaa vizuri tu

Husna: Uliishika kwa mapenzi

Seif: Ila kuna yule mpiga bastola Takács wa Hungaria, mkono wa kulia uliharibiwa na bomu la mkono 1938, akajifunza kushoto akachukua dhahabu London 1948 na Helsinki 1952. Juma we fanya kinyume chake jifunze kulia 😂

Juma: Leo mmeamua

Mjomba Hamisi: Mpini sio mwisho wa dunia, unachongesha mwingine wa kushoto. Ila ule wa asili usiuguse hata kwa msasa, uufunge kwenye kitambaa uuhifadhi, siku ukiuza mtu atauuliza. Na usihifadhi bastola kwenye mfuko wa ngozi, ngozi inanyonya unyevu na dawa zake zinakula chuma, nimeona nzuri zimetoka na kutu yenye umbo la mfuko wenyewe

Shangazi Rehema: Sasa mimi niongee kama shangazi. Leseni kwanza. Usije ukampa mzee wa watu hela, ukaibeba kwenye begi, ukaja kutuonyesha. Kila nchi ina sheria yake lakini sijasikia nchi ambayo ukikutwa na bastola isiyo na jina lako unaambiwa pole endelea

Juma: Hapana shangazi, hilo lipo wazi. Leseni ya klabu haitoshi, hii lazima iandikwe kwa namba yake na muuzaji mwenyewe anatakiwa awepo kwenye makabidhiano. Bila hivyo haitoki kwake

Shangazi Rehema: Ndo unanifurahisha

Husna: Na mimi langu. Imani sasa hivi anafungua kila droo. Sefu lifungwe ukutani kwa bolti, risasi zikae pengine na ufunguo mwingine, na funguo zisikae juu ya kabati maana kabati anapanda. Sefu likiwa halijafika bastola haiji. Sio wiki hiyo hiyo, sio "fundi anakuja kesho", sefu kwanza

Zawadi: Naunga mkono kwa mikono miwili

Juma: Sawa mama Imani. Nakubali na naandika mbele ya mashahidi

Seif: Nimepiga skrinshoti

Mjomba Hamisi: Tuendelee. Hizi za .22 risasi inagongwa kwenye ukingo wa ganda sio katikati, kwa hiyo mtu akiwa na tabia ya kufyatua tupu bila kitu ndani, pini ya kufyatulia inapiga chuma cha chemba, kile chumba inapokaa risasi. Toa mtutu, angalia ule uso wa nyuma pale risasi inapoingia. Ukiona kidonda kidogo kwenye ukingo, jua kilitokea hivyo, na kikiwa kikubwa maganda yanagoma kutoka. Halafu tochi, pitisha kwenye slaidi, kile chuma kinachorudi nyuma kila ukipiga, na fremu, mwili wa bastola, taratibu ukitafuta ufa. Hizi zilitengenezwa kwa risasi za kasi ya kawaida, watu wakazilisha zile kali, chuma kikachoka

Mjomba Hamisi: Triga ya Citation ina skrubu za kurekebisha, na kila mwenye bisibisi anajiona fundi. Pima, bastola tupu, mtutu juu, ining'inize uzito wa kilo moja kwenye triga, isifyatuke. Gramu 1000 ndo kiwango cha mita 25. Halafu renji, pale uwanja wa kupigia, weka risasi mbili tu kwenye magazini upige moja. Zikitoka zote mbili kwa pamoja irudishe mezani ushukuru uondoke

Zawadi: Mjomba hiyo ya risasi mbili imenitisha

Mjomba Hamisi: Ndo maana zinawekwa mbili sio kumi

Juma: Na magazini? Kasema anatoa tatu

Mjomba Hamisi: Hapo ndo roho ya High Standard ilipo. Midomo ya magazini ikipinda kidogo tu risasi inapanda vibaya inakwama, na utalaumu bastola bure. Omba picha ya zote tatu zikiwa zimelala pamoja

Juma: Namwandikia sasa hivi

Seif: Wakati tunasubiri mimi bado niko pale pale. Juma unapiga na bastola ya klabu vizuri tu, unaongeza alama kila mwezi, hii itakurudisha nyuma kwa kutafuta spea na kuhangaika na mpini

Juma: Seif ya klabu ni nzuri lakini ukiifyatua husikii kitu. Hii unaminya, unafika mahali inasimama, unaongeza kidogo sana, basi, imeshaondoka kabla hujajiandaa kutikisika. Siwezi kueleza

Zawadi: Umeeleza. Umeshainunua kichwani

Juma: [picha]

Juma: Hizo hapo tatu

Mjomba Hamisi: Mh

Mjomba Hamisi: Linganisha kitako cha chini. Moja imekaa kivyake, hizo mbili zina mlalo tofauti. Mbili ni za zile High Standard zenye mpini ulioinama, yako ni ya aina ya Military, mpini umesimama zaidi. Haziingiliani. Kwa hiyo una magazini moja na vyuma viwili

Husna: Kwa hiyo mtutu wake mrefu, mpini wa mkono mwingine, rangi sio ya kiwandani na magazini ni moja. Bei kaweka ya kitu kizima?

Juma: Ndio

Husna: Basi mazungumzo yaanzie hapo

Shangazi Rehema: Huyu mkamwana simwachi

Juma: Mjomba wewe ungenunua?

Mjomba Hamisi: Kwa mashindano, hapana, ningechukua ya kisasa iliyotumika kidogo, Seif ana hoja. Kwa kuipenda, ndio, kama mtutu ni msafi, hakuna ufa, na bei inasema ukweli wa alichonacho mkononi. Usiinunue ukijidanganya kwamba itakupandisha alama

Juma: Sawa. Nimemwandikia hivi: "Mzee, bado naitaka. Magazini mbili si za bastola hii, naomba uangalie bei upya au uongeze mtutu mfupi kama upo. Naomba tukutane renji niipige nikiwa na mjomba wangu, kisha tukielewana tuanze makaratasi." Iko sawa?

Zawadi: Toa hiyo "bado naitaka". Unamwambia bei isishuke

Seif: Zawadi apewe cheo

Juma: Nimetoa. Nimetuma

Juma: Kajibu. Mtutu mfupi upo, umefungwa kwenye kitambaa stoo, hakuwahi kuutumia sana. Bei anasema tuongee baada ya kupiga. Jumamosi asubuhi

Mjomba Hamisi: Nitakuwepo. Risasi nitaleta mimi za kasi ya kawaida, wewe leta mzani, tochi na kinga ya masikio. Hela acha nyumbani

Husna: Hela ninazo mimi