Siku ya harusi mambo yanapoharibika: nani aambiwe, na nani afichwe?

Mratibu mpya, Dar es Salaam, anauliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wote salaam. Nilianza kazi ya kuratibu harusi mwaka jana, na harusi ninayotaka kuieleza hapa ilikuwa ya tatu kuisimamia bila dada aliyenifundisha kazi kuwa karibu nami. Ilifungwa Jumamosi moja ya mwezi wa nne, katikati ya masika, katika kanisa moja la Kimara, na sherehe ikafanyika katika ukumbi wa Upanga. Kamati ilinikabidhi orodha ya wageni 300.

Mvua ilinyesha usiku kucha wa kuamkia siku hiyo. Kufikia saa nne asubuhi maji yalikuwa yamejaa bonde la Jangwani na polisi walikwishafunga Barabara ya Morogoro, kama wanavyofanya kila bonde lile linapofurika. Msimamizi wa bwana harusi, aliyekuwa na pete mfukoni, alikuwa akitokea mjini, hivyo akakwama ng'ambo ya pili. Ibada ilichelewa kwa dakika 50 kwa sababu sote tuliamini kwamba haiwezi kuanza bila yeye. Gari lililobeba keki nalo lilizungushwa kupitia Barabara ya Kawawa na Kinondoni, na lilipofika Upanga ngazi ya juu ya keki ilikuwa imeteleza na kuegemea kioo, krimu ikabaki kwenye kioo. Niliigeuza keki, upande uliobonyea ukaelekea ukutani, nikapachika maua ya mezani mahali palipochubuka, na hakuna aliyegundua.

Saa mbili usiku umeme ulikatika. Jenereta ya ukumbi iliwaka kwa dakika chache ikazima, kwa kuwa dizeli haikuwamo katika makubaliano yetu na mwenye ukumbi, nami sikuwa nimeusoma mkataba hadi mwisho. Niliwakimbilia wapiga matarumbeta, ambao walikwishalipwa na walikuwa wakipakia vyombo vyao garini, nikawaomba warudi wapige gizani huku kijana akitafutiwa pikipiki ya kwenda kununua dizeli. Wageni walicheza kwa mwanga wa simu, na wengine mpaka leo wanadhani lilikuwa jambo tulilolipanga.

Linaloniumiza ni la chakula. Ilipofika saa tatu mpishi aliniita pembeni akaniambia kwamba walioingia wamezidi idadi kwa watu wapatao 60. Nilikuwa nimeficha mambo matatu tangu asubuhi na yote yalikuwa yamepita salama, nikaona na hili nilifiche. Niliwaagiza wapakuaji wapunguze nyama katika kila sahani, lakini agizo lilichelewa, na meza tatu za mwisho zilipata wali na mchuzi mtupu. Katika meza hizo walikuwa wamekaa ndugu wa mama wa bibi harusi, waliosafiri kwa basi kutoka Moshi. Mama alizipata habari hizo kesho yake, walipokuwa njiani kurudi. Alinipigia simu na kuniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, keki ningekusamehe hata kama ingeanguka chini. Wageni wangu ungeniambia."

Naomba kujua kutoka kwenu mlioizoea kazi hii: mnapimaje jambo la kuwaambia wenye shughuli na jambo la kulimaliza kimya kimya? Na mtu wa kuambiwa ni nani, ikiwa kila shangazi anatoa amri na mwenyekiti wa kamati yuko meza kuu na simu yake imezimwa?

Mratibu wa miaka 14, Dar es Salaam, anajibu:

Marahaba, mwanangu. Kwanza nakupongeza kwa matarumbeta, maana mimi nisingeyakumbuka.

Katika harusi zetu mratibu si mwenye shughuli. Wenye shughuli ni wazazi, na nyuma yao iko kamati iliyohangaika miezi kadhaa kukusanya michango ya watu, kwa hiyo unapofanya uamuzi juu ya chakula unaamua juu ya fedha ya watu waliochangia na heshima ya watu walioalika. Ndiyo maana katika kikao cha mwisho cha kamati huwa naomba mambo mawili yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. La kwanza ni majina mawili, moja la upande wa bibi harusi na moja la upande wa bwana harusi, ya watu wasioketi meza kuu, wasio wazazi, ambao simu zao zitakuwa wazi mpaka mgeni wa mwisho aondoke na ambao neno lao linatosha. Shangazi akinipa amri namjibu kwa adabu kwamba nimeipokea na nitaifikisha kwa fulani. La pili ni fedha ya dharura, taslimu, mkononi mwangu na kwa maandishi, nisije nikamtafuta mweka hazina ukumbini wakati jenereta imezima. Fedha isipotumika huirudisha Jumatatu pamoja na risiti za kile kilichotumika.

Kuhusu msimamizi na pete, mlichelewesha ibada bure. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, na haisemi kwamba lazima wawe wale mliowashonea suti. Kanisa Katoliki nalo linataka mashahidi wawili pamoja na mhudumu wa kanisa, na kinachofunga ndoa ni ridhaa ya wawili hao, wala si pete. Dakika ile ulipopata simu kutoka Jangwani ulipaswa kwenda kwa padri au mchungaji na kumweleza, kwa sababu huenda angekuruhusu kumsimamisha kaka wa bwana harusi na pete zikabarikiwa baadaye, na kama asingekubali, angalau ungejua mnachokisubiri.

Sasa swali lako lenyewe. Mimi humwambia yule ambaye jambo litamrudia baadaye. Niliwahi kuwa na bibi harusi ambaye zipu ya gauni ilimfumuka sakristia, zikiwa zimebaki dakika kumi aingie kanisani. Nilitia uzi mweupe sindanoni ukiwa mara mbili, nikamwambia aweke mikono juu ya mabega ya matroni wake na atoe pumzi, nikamshonea gauni mwilini kutoka kiunoni hadi katikati ya mgongo kwa mishono mirefu, kisha nikaukata uzi kwa meno kwa kuwa mkasi ulikuwa umebaki garini. Mama yake sikumwambia, maana angelia na kumliza binti. Lakini matroni nilimwonyesha kwa kidole mahali uzi ulipoanzia na ulipoishia, kwa sababu ndiye ambaye angemfumua saa moja jioni wakati wa kubadili nguo, na angelivuta gauni bila kujua lingechanika lote. Keki yako haikuwa na wa kumrudia, ila wageni wenye njaa walikuwa na mwenyewe.

Mpishi wa shughuli, Tanga, anajibu:

Ndugu zangu, naomba niliseme la jikoni, kwa sababu katika simulizi hii mpishi anaonekana kama mtu aliyeleta habari mbaya, ilhali yeye ndiye aliyefanya wajibu wake.

Idadi ya kadi si idadi ya vinywa. Kadi ya watu wawili huja na watoto wawili, dereva wa msafara hula, wapiga picha hula, wapiga matarumbeta hula, na askari wa getini hula. Mimi hupiga hesabu ya kilo moja ya mchele kwa watu saba au wanane, halafu naongeza sehemu ya kumi juu ya idadi niliyopewa, na kamati ikikataa kulipia nyongeza hiyo namwomba mwenyekiti aniambie hivyo mbele ya wenzake.

Jambo la pili ni upawa. Ukiambiwa watu wamezidi, usiwatumie wapakuaji ujumbe kwa mdomo, kwa kuwa ukumbi una kelele na kila mmoja ana huruma yake. Nenda kwenye meza ya chakula mwenyewe, ondoa upawa mkubwa kwenye sufuria la nyama na uweke mdogo. Mkono wa mpakuaji hautabadilika, lakini kipimo kitakuwa kimebadilika. Kisha anza kupakua kutoka meza za nyuma, kwa sababu wa mbele hawatakosa. Walioko karibu na wenye shughuli watatafutiwa chochote hata jiko likiwa tupu. Ninayo masufuria mawili ya akiba, mchele na mafuta, na moto wangu wa kuni siuzimi mpaka nione meza ya mwisho inakula. Wali wa watu 60 naweza kuutoa ndani ya saa moja nikiambiwa mapema. Nyama siwezi kuitoa hewani.

Bibi wa shughuli, Unguja, anajibu:

Asalamu alaikum. Kwetu shughuli ni nyingine lakini dhiki ni ile ile. Mwaka mmoja nilikuwa nikisimamia nikahi, na baba wa binti, ambaye ndiye walii, yaani mwenye haki ya kumwozesha, alikuwa avuke kutoka Dar es Salaam asubuhi. Upepo ukachafuka na boti haikuondoka. Wanawake wa ndani walitaka tunyamaze tu, tuwaambie wanaume kwamba bwana harusi azuiwe mlangoni kwa maneno ya kifungua mlango, ile ada anayodaiwa kabla ya kufunguliwa, mpaka baba afike. Nilikataa, nikamtuma kijana msikitini kwa shehe palepale. Shehe akamtafuta baba kwa simu, na baba, akiwa amekaa na ndugu zake wawili, akampa uwakala wa kumwozesha binti yake. Nikahi ikasomwa kwa wakati, mahari ikatajwa, mashahidi wakasikia.

Lau tungelificha jambo lile, tungelipoteza siku nzima tukimngoja mtu ambaye alikuwa tayari kutoa idhini yake muda wowote ambao angeombwa.

Mama wa maharusi wanne, Moshi, anajibu:

Mwanangu, mimi si mratibu, ila nimeozesha watoto wanne na nimeona niandike kwa sababu ninamwelewa huyo mama kana kwamba ni mimi.

Watu wanaosafiri kutoka huku kuja harusini Dar es Salaam huondoka alfajiri, wamevaa vitenge vya sare vilivyonunuliwa kwa fedha ya kahawa au ya ndizi, na wamebeba zawadi mapajani njia nzima. Wakirudi bila kula, hawatamsema mratibu, kwa kuwa hawamjui. Watakachosema ni kwamba mtoto wa dada yao amewasahau mjini, na neno hilo litakaa katika ukoo miaka mingi.

Nakuuliza jambo moja. Ikiwa ni harusi ya watu wa huku kwetu, bila shaka palikuwa na ndafu. Iliketi mbele ya ukumbi, mbuzi mzima na majani mdomoni, ikasindikizwa kwa nyimbo, ikakatwa vipande vichache wakalishwa wakwe, kisha ikafunikwa ili ipelekwe nyumbani. Wewe hukuwa na haki ya kuigusa, na mpishi hakuwa nayo, wala mwenyekiti. Mama na wakwe zake walikuwa nayo. Lau ungeinama ukamnong'oneza sikioni, angegeuka kwa mkwe wake, wangeelewana kwa maneno mawili, na ndafu ingepelekwa meza zile tatu ikakatwe huko huko. Ndugu zake wangerudi Moshi wakisimulia kwamba waliletewa ndafu mezani.

Mratibu mpya, Dar es Salaam:

Wazee wangu, nimesoma kila neno, na nimesoma la mama wa Moshi mara nyingi. Ndafu ilikuwepo. Niliiona ikifunikwa kwa kitambaa cheupe na kutolewa kwa mlango wa nyuma, saa tatu na nusu, nami ndiye niliyemshikia mlango kijana aliyeibeba. Haikunijia kabisa kwamba palikuwa na mtu wa kuombwa.

Leo asubuhi nimempigia simu mama wa bibi harusi, nikamweleza mambo yote manne kwa utaratibu wake, pamoja na yale ambayo hakuyajua. Alinyamaza kidogo, akacheka kuhusu keki, kisha akaniambia niende kwake Jumapili baada ya ibada anipe namba za ndugu zake watatu, niwapigie mwenyewe. Nitakwenda. Harusi yangu inayofuata ni mwezi ujao, na kamati inakutana Alhamisi. Majina mawili na fedha ya dharura nimekwishayaandika kwenye ajenda, na mkataba wa ukumbi nimeusoma hadi sahihi ya mwisho.

Baba mpishi wa Tanga, naomba kukuuliza jambo moja zaidi: ile sehemu ya kumi unayoiongeza, unaiongeza kwenye mchele pekee, au na kwenye nyama?

Mpishi wa shughuli, Tanga:

Na kwenye nyama, mwanangu. Nyama iongezwe kwanza, kisha mchele.